Hita ipi inafaa tangi la vifaranga wa samaki Thika na Ruiru?

MSIMU wa baridi unapoingia katika Kaunti ya Kiambu, kati ya Juni na Agosti, wafugaji wa samaki wa Thika, Juja na Ruiru hukumbana na tatizo ambalo wenzao wa Kisumu au Mombasa hawalijui sana. Mayai ya kambare yaliyotungishwa jioni hukaa siku mbili na zaidi bila kuanguliwa, ukungu mweupe kama pamba huyavamia, na kufikia asubuhi ya tatu mfugaji hubaki na beseni la uozo. Walioanguliwa nao hulegea, hukataa chakula na kufa mmoja mmoja. Hapo ndipo wengi hukimbilia madukani kutafuta hita.

Hita ni dawa nzuri, lakini ikichaguliwa vibaya huua kwa njia mbili: kuwapika samaki usiku mmoja, au kumpiga mwenyewe kwa umeme. Ipo pia njia ya tatu, ya polepole, nayo ni bili ya stima inayozidi thamani ya vifaranga wenyewe.

Mji wa Thika uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ruiru iko juu yake kidogo. Usiku wa Julai hewa huweza kushuka hadi nyuzijoto 12 au 13 za Selsiasi, na mchana mawingu hutanda hata jua lisionekane hadi adhuhuri. Maji ya tangi lililo wazi hufuata mwendo huo huo, na alfajiri mara nyingi huwa chini ya nyuzijoto 20. Kambare na tilapia ni samaki wa maji ya vuguvugu. Hukua vyema kati ya nyuzijoto 26 na 30. Tilapia hupoteza hamu ya chakula joto linaposhuka chini ya 20, huacha kula kabisa karibu na 16, na maji yakishuka hadi 10 au 12 hufa. Hali huwa tofauti kwa trauti wanaolelewa Kiganjo, Nyeri, ambao ndio kwanza hufurahia maji ya baridi yatokayo mlimani.

Kwa mayai ya kambare, joto ndilo saa. Katika nyuzijoto 20, mayai huchukua takriban saa 57 kuanguliwa. Katika 25, muda huo hupungua hadi takriban saa 27, na katika 28 ni kama saa 22 pekee. Kila saa inayoongezeka ni fursa kwa ukungu kuenea kutoka yai lililokufa hadi lililo hai. Ndiposa mzalishaji wa vifaranga asiyeweza kushikilia joto la maji yake hawezi kumwahidi mteja tarehe.

Biashara hii ilipata msukumo mkubwa mwaka wa 2009, wakati serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi uliogharimia uchimbaji wa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyoteuliwa. Vidimbwi vilichimbwa kwa kasi kuliko vifaranga walivyoweza kupatikana. Kituo cha serikali cha Sagana, ambacho kimekuwapo tangu 1948, hakingeweza peke yake kutosheleza mahitaji hayo, na watu binafsi wakajitosa katika kazi ya kutotoa mayai, baadhi yao wakitumia vyumba vya nyuma ya nyumba na matangi ya plastiki. Wengi wa wanaouliza kuhusu hita leo ni wa kundi hili la wazalishaji wadogo.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Muuzaji atakuuliza, "Tangi lako ni la lita ngapi?" Hilo ni swali zuri, ila halitoshi. Ni lazima pia ujue maji yako huwa na joto gani alfajiri, na unataka yafike wapi. Nunua kipimajoto kwanza, hita baadaye. Pima maji alfajiri kwa siku saba mfululizo na uandike. Kipimajoto chenyewe nacho kihakikiwe: kitie katika kikombe cha vipande vya barafu vilivyochanganywa na maji kidogo, koroga, ungoje dakika chache. Kisiposoma sufuri au karibu na hapo, kitakudanganya kwenye tangi pia.

Ukishajua pengo la joto, hesabu ni nyepesi. Kupandisha joto la lita 1,000 za maji kwa nyuzi moja huhitaji takriban uniti 1.16 za umeme. Ikiwa maji yako ni nyuzijoto 19 na unataka 28, pengo ni 9; kwa hivyo lita 1,000 zitameza uniti 10 na nusu hivi. Tuchukue kwa urahisi wa hesabu kwamba uniti moja inagharimu Sh30 pamoja na ushuru. Hiyo ni kama Sh315 kwa kuyapasha moto mara ya kwanza. Baada ya hapo utalipia tu joto linalopotea, nalo hutegemea jinsi ulivyolifunika tangi.

Kwa tangi dogo la kioo la lita 200, pengo lilo hilo ni uniti 2 na kidogo. Hita ya wati 200 itachukua zaidi ya saa kumi kulifikisha kwenye 28. Kanuni inayotumiwa na wengi, ya wati moja kwa kila lita, imetokana na hesabu kama hii, na inafaa matangi madogo yaliyo ndani ya nyumba. Tangi likiwa nje au kwenye banda la mabati, ongeza nusu. Tangi kubwa la lita 1,000 lililofunikwa vizuri halihitaji wati 1,000. 500 au 600 zitatosha ikiwa huna haraka siku ya kwanza, kwa maana maji mengi hupoteza joto polepole kuliko machache.

Kosa linalowafilisi wengi ni kupasha moto maji yanayopita. Mzalishaji hufungulia bomba juu ya mayai, maji yanapita na kumwagika nje, naye ametia hita katikati ya njia. Tuseme maji hayo ni lita 2 tu kwa dakika. Kwa siku moja ni lita 2,880, na kuyapandisha kwa nyuzi 9 ni uniti 30, yaani takriban Sh900 kila siku, zinazomwagwa mtaroni. Maji ya moto hayafai kumwagwa. Yazungushwe kwa pampu ndogo, yapite kwenye chujio na kurejea, nawe ubadilishe sehemu ndogo tu kila siku kwa maji uliyokwisha kuyapasha katika pipa jingine. Maji ya bomba yakae kwenye pipa hilo siku nzima huku yakipulizwa hewa, ili klorini inayotiwa na kampuni za maji iondoke. Klorini huua vifaranga hata joto likiwa sawa.

Aina za hita

Inayopatikana kwa urahisi zaidi, hasa katika maduka ya samaki wa mapambo jijini Nairobi, ni hita ya kioo: mrija mrefu wenye waya wa moto ndani na kidhibiti cha joto, ambacho mafundi hukiita thamostati, juu yake. Huwa za wati 50 hadi 300. Ni safi, haiachi sumu majini, na bei yake si ya kutisha. Udhaifu wake ni kioo. Ikiachwa ikiwaka maji yanaposhuka wakati wa kusafisha tangi, kisha ikamwagiwa maji baridi, hupasuka papo hapo. Zima hita na ungoje robo saa kabla ya kupunguza maji, na usiiwashe hadi izame kikamilifu. Kambare wakubwa nao huipigapiga kwa mikia, kwa hivyo ifunikwe kwa bomba la plastiki lililotobolewa matundu.

Hita ya titaniamu ni imara zaidi. Haivunjiki wala haishiki kutu, na aghalabu thamostati yake hukaa nje ya maji, kando, ikiwa na kijiti kinachopima joto. Kwa mtu anayezalisha vifaranga kwa biashara, nafuu ni kugharimika mara moja na kununua hii. Ikikosekana, iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu itafaa.

Usikubali kifaa chochote chenye shaba au zinki inayogusa maji. Shaba ni sumu kwa samaki hata kwa kiasi kidogo mno, na vifaranga ndio wa kwanza kuathirika. Bomba la mabati ya zinki nalo ni vivyo hivyo. Mfugaji anaweza kupoteza kizazi kizima akidhani ni ugonjwa, kumbe ni hita.

Hapa tufike kwenye koili. Kifaa hiki cha waya uliosokotwa, kinachotumbukizwa ndooni kuchemsha maji ya kuoga, kimo karibu katika kila ploti ya Ruiru na Makongeni. Ni cha bei ya chini, na kishawishi cha kukitumbukiza katika tangi la samaki ni kikubwa. Hakifai. Hakina thamostati, kwa hivyo hakijui kuacha. Nguvu yake ni nyingi mno: ya wati 1,500 katika tangi la lita 200 hupandisha joto kwa zaidi ya nyuzi 6 kila saa, ukisinzia saa mbili umepika mchuzi. Nyingi zimepakwa madini yanayobambuka. Na zaidi ya yote, koili mbovu hupitisha umeme ndani ya maji. Anayetia mkono kutoa vifaranga waliokufa anaweza kuwafuata.

Ikiwa huna budi kuitumia, itumie katika ndoo iliyo mbali, uchomoe plagi kabla ya kugusa chochote, kisha uyatie maji hayo ya moto katika chupa za plastiki zilizofungwa na kuzielea ndani ya tangi. Hiyo ni njia ya dharura tu.

Mbili ndogo zashinda moja kubwa

Thamostati haidumu milele. Huweza kukwama ikiwa imezima, ama, jambo baya zaidi, ikiwa imewaka. Ndiyo sababu wazalishaji wenye uzoefu hununua hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Penye haja ya wati 300, weka mbili za 150, au za 200 usiku ukiwa mkali sana, kila moja upande wake. Moja ikifa, ya pili itapunguza kasi ya baridi mpaka uamke. Moja ikikwama ikiwaka, haina nguvu ya kuchemsha tangi lote kabla hujagundua. Kwa bei iliyo karibu sawa, umepata mlinzi.

Weka hita karibu na mahali maji yanapotoka kwenye pampu au mapovu ya hewa yanapopanda, ili joto lisambae. Kipimajoto kikae upande wa pili wa tangi. Kikisoma 28 pale, utakuwa na hakika kwamba pembe ya mbali haijasahaulika. Usiamini namba zilizoandikwa kwenye kifundo cha hita. Huweza kukosea kwa nyuzi mbili au tatu.

Mfugaji aangalie vilevile namba ya volti. Umeme wa Kenya ni volti 240. Hita zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani hutengenezwa kwa volti 110 au 120. Ukiichomeka hapa bila kibadilishi, itavuta zaidi ya mara nne ya nguvu yake na kulipuka. Zile za Ulaya hukubali volti zetu, lakini plagi zake zina miguu miwili ya mviringo. Mtindo wa kuzisukuma kwenye soketi kwa kutumia kijiti cha kalamu uachwe kabisa. Badilisha plagi, uweke ya miguu mitatu yenye fyuzi inayolingana na hita.

Mwite fundi aliyeidhinishwa na mamlaka ya kawi, EPRA, akuwekee kifaa kinachokata umeme mara tu unapoanza kuvuja, cha miliampea 30. Kifaa hiki hukata haraka kuliko moyo wa mtu unavyoweza kusimama. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya mazishi. Soketi iwe juu ya usawa wa tangi na kando yake, na waya wa hita upinde kwenda chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili matone yaanguke sakafuni badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Hewa huja kabla ya joto

Kadiri maji yanavyopata moto ndivyo yanavyoshindwa kubeba hewa ya oksijeni. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Ya 28 hubeba chini ya 8. Thika, kwa kuwa iko juu, hupoteza sehemu ya sita nyingine, kwani hewa yenyewe ni nyepesi. Wakati huohuo vifaranga walio katika joto hupumua na kula kwa kasi zaidi. Anayenunua hita bila pampu ya hewa, basi, amewafungia samaki wake chumba chenye joto kisicho na dirisha.

Stima ikipotea usiku, usihangaikie joto kwanza. Tangi la lita 1,000 lililofunikwa litapoteza nyuzi chache tu kufikia asubuhi, ilhali vifaranga waliosongamana wanaweza kukosa hewa katika muda mfupi. Weka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Zungushia tangi blanketi kuukuu, gunia, au ule ubao mweupe mwepesi unaofungashiwa televisheni, na ulifunike juu kwa karatasi ya plastiki ukiacha nafasi ya hewa. Joto nyingi hupotelea juu, mahali maji yanapokutana na upepo. Kifuniko kinaweza kuokoa umeme kuliko hita yoyote ya bei ghali.

Je, hita ni ya lazima? Kwa mayai na kwa vifaranga wa wiki mbili za kwanza, ndiyo. Kwa waliokua zaidi, kuna njia ya bei nafuu: kivungulio. Karatasi ya plastiki ileile inayotumiwa na wakulima wa nyanya hunasa jua la mchana na kuyaweka maji ya vidimbwi vidogo katika vuguvugu hata Julai, mradi uifunge kabla ya jua kuzama na kuifungua mchana wa joto kali. Mitambo ya kupasha maji kwa jua nayo inafaa, ila maji yake ya moto yapitishwe ndani ya mpira wa plastiki uliozungushwa tangini bila kuchanganyika na maji ya samaki, kwa sababu matangi hayo mara nyingi huwa na mabomba ya shaba. Asiyeweza lolote kati ya haya afanye kazi na majira: atotoe mayai kuanzia Septemba hadi Machi, na Juni hadi Agosti awalishe tu samaki wazazi.

Wapo pia wanaotaka kufuga kobe wa majini ndani ya nyumba, na kanuni za hita kwao ni zizi hizi: nyuzijoto 24 hadi 28 kulingana na umri, hita iliyozingirwa kwa plastiki isivunjwe na gamba, na mahali pakavu pa kuota joto. Lakini kwanza waulize Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa, na kobe aliyeokotwa kando ya Mto Chania au Ruiru ni mnyamapori, hata akiwa mdogo kama kisoda.

Linabaki suala la kuwauza. Vifaranga waliolelewa katika nyuzijoto 28 wakitiwa ghafla katika kidimbwi cha 20 hufa, au hudhoofika na kuugua siku zinazofuata, na mteja atarudi akidai aliuziwa samaki wagonjwa. Siku tatu au nne kabla ya mauzo, punguza hita nyuzi mbili kila siku hadi ukaribie joto la kidimbwi cha mnunuzi. Mwombe akupimie maji yake alfajiri na kukutumia namba kwa simu. Mwelekeze aelee mfuko wa vifaranga juu ya kidimbwi kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuufungua, kisha aingize maji ya kidimbwi mfukoni kidogo kidogo, na awaache vifaranga watoke wenyewe. Wasafirishwe asubuhi au jioni, bila kulishwa siku moja kabla, ili wasichafue maji ya mfuko njiani.